Nembo, bango na lebo za kikundi: Canva ya simu, Inkscape, au tumpe fundi wa CorelDRAW?

katibu_nyuki (Sikonge)

Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu cha wafugaji nyuki kinajiandaa kwa Nanenane pale Ipuli. Tunahitaji nembo, bango la flexi (turubai la plastiki) futi 6 kwa 3, lebo za chupa 400 za asali ya nusu kilo, na fulana 25. Tuna simu za kawaida na kompyuta mpakato moja yenye RAM ya GB 4. Wanachama wamegawanyika. Kuna wanaotaka kila kitu kifanyike Canva, kuna wanaotaka Inkscape kwa sababu ni bure, na wengine wanasema tumpe fundi wa stationari mwenye CorelDRAW, ile programu ya kuchora ya kulipia, atumalizie. Naomba mnilinganishie na mnipe sababu.

mchoraji_isevya (Tabora mjini)

Katibu, kazi zako ni nne na hazifanani, kwa hiyo usizilazimishe ziingie kwenye programu moja. Anza na nembo, maana hizo nyingine tatu zinaisubiri.

Nembo ichorwe kwa vekta, yaani mchoro unaohifadhiwa kama mistari na mikunjo, si vitone vya picha. Ukiutoa kwenye kizibo cha chupa ukaupeleka kwenye bango, kingo zake hazichakai. Hapo Inkscape na CorelDRAW ziko sawa, na kompyuta ya GB 4 inaiendesha Inkscape vizuri kwa nembo. Canva naiweka pembeni kwa kazi hii. Mkichukua nyuki kwenye maktaba yao ya picha, mnaruhusiwa kumtumia, ila hamruhusiwi kumsajili kama alama yenu ya biashara. Siku mkienda BRELA kusajili nembo mtakwama, na kikundi cha Urambo kinaweza kuwa na nyuki huyohuyo kwenye chupa zake.

Njia iko hivi. Chora kwa maka pen nyeusi kwenye karatasi nyeupe, ukubwa wa kiganja. Piga picha mchana, kivulini, simu ikiwa sambamba na karatasi. Ingiza picha Inkscape, ichague, bonyeza Shift+Alt+B kufungua kidirisha cha Trace Bitmap, kisha Apply ili programu ifuate mistari. Vuta mchoro mpya pembeni na uifute ile picha iliyobaki chini yake. Wengi huisahau hapo na faili linaenda kwa mchapaji likiwa na vyote viwili. Kisha Ctrl+L mara moja kupunguza vifundo (vitone vinavyoshikilia mstari) vilivyozidi. Ukibonyeza mara tatu nne mfululizo, mabawa yanayeyuka. Jina la kikundi liandike, halafu Ctrl+Shift+C ligeuke kuwa umbo, lisitegemee tena fonti iliyoko kwenye kompyuta yako.

Rangi mbili zinatosha. Kabla hamjaipitisha, ichapeni nyeusi tupu ikiwa na upana wa sentimita 2. Miguu ya nyuki ikigandana, iondoeni. Ningeshauri mwache pia kile kisega cha pembe sita ambacho kila mwenye asali anacho, mchore mzinga wa gome ukiwa umening'inia mtini. Mtu wa Tabora anautambua kwa mbali, na umbo lake ni rahisi kuchapika.

dada_mwanga (Kigoma)

Nakubaliana na Isevya kuhusu nembo, ila Canva msiitupe. Kikundi hakiishi kwa nembo. Kuna tangazo la mkutano, ratiba ya mavuno, bei mpya, picha ya mafunzo ya kuweka WhatsApp. Kazi hizo zikikaa kwenye kompyuta ya mtu mmoja, akisafiri hakuna anayeweza kubadilisha hata tarehe. Canva inafunguka kwenye simu ya mwenyekiti, ya mweka hazina na yako, na wote mnaona faili lilelile.

Mipaka yake muijue. Akaunti ya bure haikupi PNG isiyo na rangi nyuma, haitoi SVG (faili la vekta), na haitoi PDF ya CMYK, yaani rangi nne za wino wa kuchapa. Kwa hiyo nembo ikishachorwa Inkscape, itoeni huko kama PNG ya pikseli 2,000 isiyo na rangi nyuma, muipandishe Canva na muitumie hivyo. Kazi ya kuchapwa pakueni kama PDF ya kuchapa, kamwe si JPEG, kwa kuwa PDF huyaacha maandishi yakiwa vekta. Na ukubwa wa ukurasa upangwe mwanzoni. Mtu anayetengeneza tangazo kwa ukubwa wa posti ya Instagram halafu akaomba lichapwe A2 anamtesa mchapaji na anapoteza hela ya kikundi.

Canva wana mpango wa kutoa huduma ya kulipia bure kwa mashirika yasiyo ya faida yaliyosajiliwa. Kikundi kinachogawana faida msikitegemee kupita. Asasi yenye cheti cha NGO ina nafasi nzuri zaidi.

flexi_na_stika (Tabora mjini)

Niongelee bango, maana hapo ndipo kazi nyingi za vikundi zinaharibikia.

Futi 6 kwa 3 ni inchi 72 kwa 36. Kwa bango la kusomwa hatua kadhaa, pikseli 100 kwa inchi zinatosha, kwa hiyo picha ya kujaza bango zima iwe 7,200 kwa 3,600. Sasa picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, mara nyingi ikaishia kama pikseli 1,600 kwa upande mrefu. Gawa kwa 72, unapata 22 kwa inchi. Ndiyo maana uso wa mgeni rasmi unatoka vigaevigae. Itumeni kama dokumenti, au leteni kwenye flashi.

Maneno nayo. Kila mita 3 za umbali zinadai herufi za kimo cha sentimita 2.5 kama unataka mpita njia asome bila kukaza macho. Mtu akiwa mita 15 kutoka kibandani kwenu anahitaji sentimita 12.5. Bango lenu lina kimo cha sentimita 91 tu. Ondoa pindo, ondoa nembo, mnabaki na mistari mitatu: jina la kikundi, mnachouza, namba ya simu. Dira, dhamira na majina ya kamati yaende kwenye kipeperushi.

Acheni sentimita 5 kila upande bila maandishi, kwa ajili ya pindo na pete za kufungia. Pete ziwe kila sentimita 50, si kona nne peke yake. Upepo wa Agosti uwanjani huichana kona inayobeba uzito wote.

Rangi ya bluu: mkiandika C100 M100, yaani samawati (C) na majenta (M) zote kamili, mtapata zambarau. Shusheni M iwe 60 au 70. Ile kijani inayowaka kwenye kioo cha simu haipo kwenye wino wa CMYK, ombeni kipande cha majaribio kabla ya bango zima.

Mkija na faili la CorelDRAW, jueni toleo la zamani halifungui faili la toleo jipya. Hifadhini kwa toleo la chini, chagueni maandishi yote na mbonyeze Ctrl+Q yageuke kuwa umbo, na mlete na PDF pembeni. Maandishi yasipogeuzwa, kompyuta ya dukani inaweka fonti nyingine. Pia angalieni alama ya ng': fonti za mapambo nyingi hazina kile kikoma cha juu, na "Ng'ambo" inatoka ikiwa na kiboksi katikati.

katibu_nyuki (Sikonge)

Asanteni sana. Lebo je? Vijana wanataka stika angavu yenye maandishi meupe ili rangi ya asali ionekane.

vifungashio_kgm (Kigoma)

Stika angavu kwa asali siishauri, na kosa si la stika, ni tabia ya asali. Leo ni nyeusi na maandishi meupe yanang'aa. Ikiganda inapauka, na maandishi yanapotelea humohumo. Tumieni stika nyeupe yenye umbo dogo, mwache sehemu ya chupa wazi. Asali itaonekana hapo.

Kabla ya kufungua programu yoyote, chukueni utepe wa fundi cherehani mpime chupa. Chupa ya kipenyo cha sentimita 7.5 ina mzunguko wa karibu 23.5. Lebo ya kuzunguka yote haiingii kwenye upana wa A4, inabidi ilazwe kwa urefu. Rahisi zaidi ni lebo ya mbele ya sentimita 9 kwa 6.5: zinaingia 8 kwenye A4, kwa hiyo chupa 400 ni karatasi 50, ongezeni 5 za kuharibika. Rangi ya nyuma ipitilize mstari wa kukata kwa milimita 3, na maandishi yakae ndani kwa milimita 3. Bila hivyo mkasi ukiyumba kidogo tu, ukingo mweupe unaonekana.

Yanayoandikwa: jina la bidhaa, uzito halisi, jina la kikundi na anwani, namba ya bechi, tarehe ya kufungasha, tarehe ya mwisho wa matumizi, na kwamba imezalishwa Tanzania. Bechi na tarehe acheni kiboksi cheupe mgonge muhuri, msichape, maana mavuno yajayo lebo zitabaki. Alama ya TBS (Shirika la Viwango) haiwekwi mpaka mpate leseni yake. SIDO mkoa, shirika la viwanda vidogo, wanawaelekeza wajasiriamali wadogo njia. Msiandike kwamba asali inatibu vidonda vya tumbo. Hayo ni madai ya dawa.

Msimbo wa mistari (barcode) namba yake inatoka GS1 Tanzania na huanza na 620, msitunge. Usipungue milimita 30 kwa 21, mistari iwe myeusi juu ya nyeupe. Mistari myekundu inapendeza lakini mashine ya dukani inatumia mwanga mwekundu, haiioni.

Mchapishe lebo kwa printa ya leza. Wino wa printa nyingi za inkjeti unachuruzika chupa ikifutwa kwa kitambaa kibichi, na chupa ya asali lazima ifutwe. Futeni kila chupa kwa spiriti kabla ya kubandika.

rangi_ujiji (Kigoma)

Kwa Nanenane flexi ni sawa. Ila kama kikundi kinataka bango la kudumu pale mnapokusanyia asali, flexi ya nje kwenye jua letu inapauka, nyekundu na njano zikitangulia. Bati lililoandikwa kwa mkono hudumu zaidi. Bati jipya la zinki msilipake rangi ya mafuta moja kwa moja, itabanduka kama ganda. Lisugueni kwa msasa, pakeni praima maalumu ya bati la zinki, kisha mikono miwili ya rangi ya mafuta. Ile nembo ya rangi mbili hapa ndipo inapolipa, fundi anaikata kwenye karatasi ngumu na kuipaka kama stensili.

mchoraji_isevya (Tabora mjini)

Fulana 25: chapeni kwa skrini (wavu wa kupitishia rangi), rangi moja. Kila rangi inadai skrini yake, na idadi ndogo haibebi gharama hiyo. Nembo iwe na upana wa sentimita 9 kifuani, mistari isiwe chini ya milimita 0.5.

Na kama mtampa fundi kazi, mkubaliane kwa maandishi kabla ya malipo ya kwanza kwamba anawakabidhi faili la asili, CDR (la CorelDRAW) au SVG, pamoja na PDF, na si JPEG peke yake. Fungueni barua pepe ya kikundi, si ya mtu, muweke humo nembo ya rangi, nembo nyeusi, namba za CMYK na majina ya fonti. Nenosiri awe nalo katibu na mweka hazina.

flexi_na_stika (Tabora mjini)

Faili za bango zifike angalau siku tano kabla ya maonyesho. Wiki ya Nanenane mashine hailali, na hakuna atakayekuwa na muda wa kuwachapia kipande cha majaribio.