Jozani na mama mwenye goti bovu: tuanzie wapi?

binti_mjini
Assalamu alaykum ndugu zangu. Jumamosi nataka kumpeleka mama Jozani, ile hifadhi ya msitu hapa Unguja, ana miaka 68 na goti linamsumbua. Tutakuwa na watoto wawili, wa miaka 5 na 8. Tunatokea Mjini kwa daladala. Mama ataiweza njia ya msituni? Na ile ya mikoko?

mtembezi
Wa alaykum salaam dada. Ataiweza, njia ya msituni ni tambarare. Kikwazo ni mizizi: maji ya ardhini yako juu, kwa hiyo miti haizamishi mizizi, inaitandaza juu ya udongo. Ndara hapana, avae viatu vya kufunga na ashike fimbo. Masika msiende, maji hutuama njiani.

Pandeni daladala 309 ya Jambiani au 310 ya Makunduchi, konda awashushe Jozani. Chukueni vitambulisho, mwananchi halipi sawa na mgeni. Muongozaji yumo ndani ya kiingilio, mwambieni mapema habari ya goti ili apunguze mwendo.

mkaazi_kusini
Mimi singeanza na msitu. Fikeni saa 2 asubuhi, muanze na kima punju, wale kima wekundu wa Zanzibar. Asubuhi wanakula, jua likishapanda wanapumzika matawini na watoto wataona mikia tu. Wanapenda majani machanga ya miti ya mikungu, ng'ambo ya barabara. Hapo pa kuvukia watoto washikwe mikono, magari hayo yanakwenda mbio na kima wenyewe hugongwa.

Kaeni mita 3 mbali nao. Mwenye mafua abaki nyumbani, maradhi yetu yanawapata.

binti_mjini
Ahsanteni sana. Watoto wanataka kuwachukulia ndizi.

mkaazi_kusini
Ndizi hapana kabisa, dada! Tumbo la kima punju lina vyumba, majani huchachushwa humo na vijidudu. Sukari ya tunda bivu ikiingia, uchachu unazidi na mnyama anaumwa. Mkiwaona kima wanatafuna makaa, msishangae: makaa yanafyonza sumu ya majani. Mwambie huyo wa miaka 8 ahesabu vidole vya mkono wa kima akishika tawi. Ataona vinne, gumba halionekani.

mwana_mikoko
Njia ya mikoko haipo getini, iko upande wa kijiji cha Pete, kama kilomita moja. Mama mtafutieni usafiri wa kumfikisha. Yenyewe ni daraja la mbao, goti halitalalamika, ila mbao zikirowa zinateleza. Mvua ikinyesha asubuhi, muiwache.

Tizameni maji kabla ya kuondoka. Yakipwa, watoto wataona kaa na mizizi ya mchu, aina ya mkoko, iliyochomoza topeni kama penseli. Yakijaa, kuna visamaki tu. Muombeni muongozaji jani la mchu, waliguse kwa ulimi. Lina chumvi, mti unaitoa kupitia majani.

binti_mjini
Basi kima kwanza, kisha mikoko, na msitu mama akiwa bado ana nguvu. Ndizi tutakula wenyewe garini tukirudi.