Naogopa magari nikiwa kwenye baiskeli, wazoefu mnaishije na hii hofu?

tegeta_kwa_pedali
Wakuu habari za leo. Nina baiskeli ya resi nataka nianze kwenda nayo kazini, Tegeta mpaka Mwenge, ila Bagamoyo Road inanitoa jasho kabla hata sijapanda. Foleni siiogopi sana, shida ni ule muungurumo wa lori likija nyuma, mabega yanakaza, mikono inang'ang'ania usukani, baiskeli inaanza kuyumba na najikuta niko kwenye mchanga. Wife anasema niiuze. Mnafanyaje?

Mnyororo
Pole mkuu, hiyo ya mabega wengi tumepitia. Upepo wa lori unasukuma kweli lakini kinachokuyumbisha zaidi ni mikono kukakamaa. Ukisikia linakuja shusha pumzi, legeza viwiko, macho yatupe mbali mbele, usiutazame mchanga maana baiskeli inaenda unakotazama. Halafu acha kubana ukingoni. Najua roho inakutuma ujifiche pembeni kabisa, ila huko ndiko kwenye mchanga na chupa na mashimo, na dereva akikuona umebana hivyo anajua anapenya bila kuhama leni. Kaa kama mita moja kutoka ukingoni ili anayetaka kukupita akuzunguke. Kujizoesha, Jumapili alfajiri vuka na pantoni uende Kigamboni, kule Mjimwema kuelekea Kimbiji kumetulia kuliko huku kwetu, ukajifunze kugeuza shingo uangalie nyuma bila baiskeli kufuata shingo. Hilo watu wanalidharau sana.

Konda Mstaafu
Msikilize wife mkuu, uza 😂😂

dada_wa_gia
@Konda Mstaafu we acha, nyie ndo mnatutesa barabarani 😂. Mtoa mada, lori la nyuma linatisha lakini mimi nahofia zaidi daladala, inakupita mbio halafu hiyo hapo inakata kushoto kuingia kituoni mbele ya tairi lako. Ukisubiri indiketa utasubiri sana. Mwangalie konda, akishaning'inia mlangoni na kuanza kugonga bodi we achia pedali, hiyo inasimama. Na usijaribu kuipita kwa kushoto hata uone uwazi, abiria wanashukia huko, subiri tu iondoke au geuza shingo kwanza uipite kulia. Magari yaliyopaki nayo yaachie nafasi ya mlango kufunguka. Kingine funga kioo kidogo kwenye usukani, helmeti unavaa sawa ila hofu haiondoi, kioo kinakuonyesha kwamba lile lori limeshahama kulia zamani we bado unatetemeka.

Mzee wa Semi
Naendesha semi, ngoja niwaambie ya upande wetu. Kushoto kwangu karibu na kichwa cha lori kuna sehemu sioni kitu kabisa. Kama huoni uso wangu kwenye kioo changu basi na mimi sikuoni wewe. Sasa tumesimama kwenye taa, mtu wa baiskeli anajipenyeza kushoto awahi mbele, kijani inawaka nakata kona kushoto, na tairi za trela hazipiti zilipopita za mbele, zinakata ndani zaidi. Hapo hata upige kelele sikusikii. Kaa nyuma yangu kijana. Taa nyekundu ya nyuma washa hata mchana, nikiiona mapema napata muda wa kujipanga kulia. Anayenisumbua ni yule anayeyumbayumba, huyu aliyekaa katikati ya njia nitamtukana lakini nampita vizuri.

tegeta_kwa_pedali
Asante sana mzee wangu, hilo la tairi za trela sikuwa nalijua kabisa. Jumapili naenda Kigamboni, wife atajua nikisharudi 😅. @dada_wa_gia hicho kioo kinakaa kwenye usukani wa resi, ule uliokunjwa?

dada_wa_gia
Kinakaa, kuna vile vya kuchomeka kwenye tundu mwishoni mwa usukani. Funga upande wa kulia, ndiko wanakokupitia.