Sensa ya tangi mita 80 kutoka kwenye paneli: 5V, 24V au 230V?

Kapasita: Habari wakuu. Nafunga pampu ya kisima. Waya za sensa zitapita paipu moja na kebo ya mota, na mota inaendeshwa na invata (kifaa cha kubadilisha kasi ya mota). Bodi niliyonayo ni ya 5V. Fundi mwingine ananiambia nifunge boya (swichi inayoelea kwenye maji) la 230V, eti umeme mkubwa hausumbuliwi na kelele, yaani umeme wa fujo unaoingia kwenye waya za sensa.

Mama Paneli: 5V hapo sahau. Saketi ya TTL, aina ya chipu za 5V, inahesabu sifuri (imezima) mwisho 0.8V, na moja (imewaka) kuanzia 2V. Kelele ya invata inaruka pengo hilo bila jasho. Ingizo la PLC (kompyuta ndogo ya kuendesha mitambo) la 24V, aina ya 1 kwenye kiwango cha kimataifa cha IEC 61131-2, sifuri yake inafika 5V na moja inaanzia 15V.

Mzee wa Nguzo: Halafu 5V yenyewe itaishia njiani.

Mama Paneli: Shikamoo mzee, ila hapo nakataa. Waya wa shaba wa 0.5 mm² una kama omu 36 kwa kilomita. Kwenda na kurudi ni mita 160, omu 6 hivi. Sensa inayokula 10 mA inapoteza 0.06V tu! Shida ni kelele. Na 24V haisaidiwi na volti peke yake: ingizo lile linataka mA mbili hivi ndipo liwake. Kelele iliyodandia waya huwa na volti, ila mkondo wake kwa kawaida ni mdogo sana.

Rilei Mbovu: Hiyo 230V nimeiona ikigoma. Boya limeshafungua, rilei (swichi inayovutwa na umeme) haiachii. Waya mrefu wa AC unapitishia umeme waya wa jirani yake hata kama hazigusani. Na mpira wa kebo ukichubuka ndani ya tangi, anayechota maji ndiye atakayegundua.

Kapasita: Basi 24V DC. Nikiishika sipigwi shoti?

Rilei Mbovu: Inategemea pawa saplai, mkuu. Tafuta iliyoandikwa SELV (volti ndogo ya usalama), yenye transfoma inayoitenganisha na umeme mkubwa. Zile za bei ya kutupa zisizotenganisha, kati ya waya mbili unapima 24V, lakini kutoka waya hadi ardhini unaweza kukuta 230V.

Mama Paneli: Na paipu tenganisha, hilo halina mjadala. Kebo iwe ya kusokotwa yenye shildi (ganda la chuma la kuzuia kelele), shildi uifunge ethi upande wa paneli tu. Ukitaka kujua kina cha maji, si kujaa na kuisha tu, chukua sensa ya 4–20 mA, inayotuma kipimo kwa mkondo, 4 ikiwa chini kabisa na 20 ikiwa juu kabisa: mkondo ukisoma sifuri ujue waya umekatika.

Kapasita: Paipu ya pili naichimbia kesho. Ile bodi ya 5V nani anaitaka?