Tupeane uzoefu: uliacha nini ndipo ukapumua kama mzazi?

Mama Omena, Kisumu
Wazazi wenzangu, hamjambo. Pale soko la Kibuye ninapouza omena, wale dagaa wadogo, akina mama wakikaa kupiga gumzo, kila mmoja anajiona ameshindwa kulea. Inaniuma, kwa maana watoto wao nawaona, ni wazima. Basi tuambiane: uliamua kuacha nini?

Mimi niliacha kupika sufuria mbili jioni. Kwenye simu unaona sahani ya mtoto imepangwa rangi rangi, nawe umefika nyumbani saa moja na nusu. Siku hizi omena ya mdogo naitoa vichwa, naichemsha na nyanya nyingi hadi ilainike, naiponda, anakula ugali na wenzake. Nikichambua mali ya kesho, mkubwa ananisomea kitabu chake palepale jikoni.

Mama Gredi ya 4, Nakuru
Kwangu ni kazi za shule. Tangu mtaala wa CBC uanze nchi nzima 2019, wazazi tumerudi darasani. Saa tatu usiku mzee anakata katoni, mwenye kazi amelala! Asubuhi picha zinamiminika kwenye grupu ya WhatsApp, na nyingine unaona kabisa ni mkono wa fundi. Nilimwendea mwalimu, akasema anachotafuta ni kazi ya mtoto mwenyewe. Kijana akapeleka gari la vifuniko vya chupa, tairi moja limepinda, akaeleza alivyoliunda toka mwanzo hadi mwisho. Grupu nimeizima sauti.

Baba Watatu, Kakamega
Niliwatoa shule ya kibinafsi, wako ya serikali hapa karibu. Karo ilikuwa inanifanya nisionekane nyumbani. Sasa asubuhi tunatembea pamoja.

Muuguzi, Busia
Kliniki tunawaambia akina mama: miezi 6 ya kwanza maziwa yako pekee, hata maji usimpe. Ni ushauri sahihi na nitaendelea kuutoa. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi 3. Ile mingine ajipange, na mwenye kibarua cha shambani hana hata hiyo ya kwanza. Halafu anakuja analia kwamba yeye ni mama mbaya. Hapana, dada zangu. Huyo namfundisha kukamua kwa mkono, na kama ameshaanza kumchanganyia na vyakula vingine, tunafungua kijitabu cha kliniki cha mtoto, tunaangalia uzito, tunaendelea kutoka hapo.

Daktari mmoja wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott, aliandika tangu miaka ya 1950 kwamba mtoto anahitaji mama anayetosha tu. Mwanzoni mama humpa karibu kila anachotaka. Kadiri mtoto anavyokua, mama huchelewa kidogo kidogo, na mtoto hujifunza kuvumilia. Naona hivyo kila siku kwenye benchi la kliniki.

Mama Omena, Kisumu
Ubarikiwe, sista. Jirani yangu anarudi kazini Jumatatu na hana friji. Hayo maziwa yaliyokamuliwa yanakaa muda gani?

Muuguzi, Busia
Kwa joto la huko, yasipite masaa 4, na mapema ni bora zaidi. Chombo kiwe safi, kina kifuniko, kiwekwe kivulini. Anayebaki na mtoto amnyweshe kwa kikombe, si chupa. Na aanze kujizoeza leo, asingoje Jumatatu.