Umealikwa "tea" Uingereza ukaenda umeshiba? Tupeane uzoefu

Wakuu, nianze mimi. Niko Leeds, mwaka wa tatu sasa. Mama mmoja tunayefanya naye zamu aliniambia nipite kwake Alhamisi kwa "tea", saa kumi na moja na nusu. Nikajua chai. Mgeni wa chai hategemei kushiba, kwa hiyo nikasonga ugali wangu, dagaa, mboga za majani, nikajilaza kidogo, kisha nikaenda kubisha hodi na paketi ya biskuti mkononi. Mezani pai ya nyama, viazi vya kuponda, njegere, mchuzi mzito. Kikombe hakuna! Na mwenyeji kasimama anapakua. Kukataa ningeanzaje? Usiku ule nililala nimekaa.

Kumbe huku kaskazini "tea" ndicho chakula chenyewe cha jioni, na "dinner" ni cha mchana. Nani mwingine yamemkuta?

Mama Wawili, Sheffield: Pole kaka, umenichekesha. Mimi shule ya mwanangu ilinitumia barua ya "dinner money". Nikaenda hadi ofisini kuuliza watoto watarudi saa ngapi usiku. Halafu wale wamama wanaopakua chakula cha mchana shuleni huitwa "dinner ladies" hata kule kusini, ambako mchana watu wanakula "lunch". Hapo ndipo nilipokata tamaa.

Mjukuu wa Bibi: Dada, hiyo ya saa ngapi usiku ni chai 😂

Mama Wawili, Sheffield: Chai ya kikombe au ya Leeds?

Mzee wa Croydon: Mimi kinyume. Shemeji yangu ni mtu wa Barnsley, huko huko kaskazini. Nikamwambia Jumamosi aje "dinner", nikimaanisha saa moja jioni kama tunavyosema hapa London. Saa sita na nusu mchana kengele inalia. Mimi nina taulo kiunoni, kuku bado jiwe kwenye friza.

Kijana wa Thika: Sisi shule ya bweni "supper" ilikuwa githeri, sahani imejaa. Sasa nimepanga chumba Bradford, mama mwenye nyumba akaniuliza kama nataka "supper". Nikasema ndiyo haraka sana. Ikaja tosti moja na maziwa, saa nne usiku. Kwake hicho ni kitu cha kutafuna kabla ya kulala, "tea" ilishapita zamani na mimi nilikuwa kazini.

Bi Kidawa, Unguja: Msiwacheke Waingereza peke yao. Mume wangu alileta rafiki yake kutoka Mwanza. Asubuhi mama akamwambia, "Karibu chai, mwanangu." Akajibu, "Asante mama, mimi si mtu wa chai." Basi tukala chapati, mbaazi za nazi, muhogo na samaki wa kukaanga, yeye kakaa barazani na simu yake. Saa tano akamvuta mume wangu pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini: "Kwani hapa kwenu asubuhi hamli?"