Rejeta kuvuja kwenye magari ya zamani: tupeane uzoefu

Carina ya Tegeta
Wakuu, habari za jioni. Asubuhi nimesogeza gari niwapeleke watoto shule, pale lilipolala nikakuta kidimbwi cha kijani ukubwa wa sahani. Ni Carina Ti ya 1998, injini 5A, ninayo mwaka wa tisa sasa. Nikafungua boneti. Pale tenki la plastiki la juu linapokutana na mapezi ya alumini kuna ukoko mweupe wenye ukijani, kama chumvi iliyokaukia kwenye sufuria. Nimeongeza maji lita moja na nusu likajaa, sasa hivi nimepima tena, yamepungua.

Fundi wa mtaani anasema tuweke dawa ya unga, itaziba yenyewe. Jirani anasema ning'oe rejeta nzima niweke mpya. Kabla sijatoa hela nataka kuwasikia waliopitia. Kwako ilianzaje, ikaishia wapi?

Mtoto wa Singida
Ukoko huohuo ndio ulionilaza mlimani Sekenke na mkaa wa watu kwenye buti. Usiudharau.

Mama Pacha
Sikupanga kuandika, ila hiyo dawa ya unga imenitonesha kidonda.

Desemba 2016 natoka Dar kwenda Njombe msibani kwa baba mkubwa. Mark II GX100, pacha wangu wako nyuma wana miaka minne, mdogo wangu wa kike kakaa mbele. Wiki moja kabla fundi alinimwagia dawa hiyo kwenye rejeta, akaniambia dada, nenda hata Tunduma. Na kweli, mpaka Morogoro hakuna tone. Mikumi tulikula, nikapima maji, yapo. Tulipofika Ruaha Mbuyuni joto ni lile mnalolijua, mshale ukaanza kupanda kidogo kidogo. Nikazima AC. Mlima Kitonga tukauanza nyuma ya lori la mizigo, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, na kwa kona zile huwezi kulipita. Mshale ukasogea karibu na H. Natafuta pa kuegesha sipati, huku jabali, huku korongo, nyuma yangu malori yamepangana.

Mara nauona mshale unashuka. Ukaja katikati, ukapita katikati ukaenda chini. Nikamwambia mdogo wangu, Mungu mkubwa, limepoa.

Halikuwa limepoa, maji ndiyo yalikuwa yameisha. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba kile kihisio kinapima joto la maji, sasa maji yakikimbia kikabaki kwenye hewa, kinakuletea namba za uongo. Nimekwenda hivyo kama kilomita mbili huku nashukuru. Ikaja harufu tamu, kama sukari inayoungua. Kisha injini ikaanza kugonga kama mtu anatwanga, nguvu zikaisha, gari likazima lenyewe kwenye kona.

Lori la nyuma likasimama, akashuka utingo, kijana ambaye hata ishirini nadhani hajafika. Akaweka jiwe kwenye tairi kwanza, akaniambia mama tulia, akafungua boneti. Nikamwambia mwanangu, subiri lipoe. Akasema rejeta za malori anafungua kila siku. Akavua shati akalizungushia mkononi. Mfuniko ulipolegea tu, mvuke ukaruka. Ulimkuta kuanzia vidole hadi begani, na shingo upande mmoja. Sauti aliyotoa yule mtoto naisikia hadi leo. Alipojaribu kulitoa shati, ngozi ilikuwa inabaki nalo. Tulimmwagia maji ya kunywa ya watoto, chupa zote tano. Dereva wake akasimamisha gari dogo lililokuwa linapanda, wakamkimbiza Iringa.

Msiba sikuuwahi. Gasketi inayozibia hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ilikwenda, hedi yenyewe ilipinda, ikapelekwa kusawazishwa kwenye mashine mara mbili na haikukaa. Mwisho nilinunua injini nyingine ya mtumba. Rejeta mpya wakati ule ilikuwa haizidi laki mbili.

Kijana wa Makambako
Pole sana mama. Na yule utingo?

Mtoto wa Singida
Ndiyo, utingo alipona?

Carina ya Tegeta
Pole dada yangu. Nimesoma nikaenda kuushika mfuniko wa rejeta yangu ilhali gari limepoa tangu mchana. Tunaomba utuambie kijana aliishia wapi.

Fundi wa Gerezani
Nimefanya kazi ya rejeta tangu 1987, niwaeleze hicho kilichomtokea kijana, maana watu wengi hawakijui. Angalia juu ya mfuniko wako, utakuta namba, 0.9 au 1.1. Ile ni presha. Mfuniko unayabana maji ndani, na maji yaliyobanwa hivyo hayachemki kwenye nyuzi 100, yanangoja karibu 120. Ukiufungua, presha inaondoka ghafla, na yale maji yaliyokuwa yamepita 100 yote yanataka kuwa mvuke kwa mara moja. Kitambaa hakizuii kitu, kitambaa kinanyonya maji ya moto na kuyashikilia kwenye ngozi. Zima gari, subiri nusu saa, tena zaidi. Bana mpira wa juu wa rejeta kwa vidole. Kama bado ni mgumu na unachoma, hamia kivulini.

Carina ya Tegeta, huo ukoko si lazima uwe ndiyo tundu. Ni mahali maji yalipokaukia. Yanaweza kutoka juu yakateremka pale. Usinunue chochote mpaka rejeta ijazwe upepo kwa pampu ya mkono yenye saa ya presha.

Mswahili wa Kisauni
Ndugu zangu wa Bara mtanisamehe, kwetu safari ya Mombasa kwenda Nairobi gari ikivuja kati ya Taru na Maungu huna wa kumwita. Babu yangu aliendesha lori la Bedford miaka na miaka, kwenye kisanduku chake hakukosi manjano ya unga na pilipili manga. Maji yakipoa anatia vijiko viwili vya pilipili, anawasha injini, chembe zinakwenda kukwama kwenye tundu. Nimeifanya mwenyewe mara moja na nikafika Voi salama.

Injini Baridi
Pilipili hiyo ilikwama kwenye tundu peke yake? Mapito ya rejeta ya alumini ni membamba kama utambi. Mimi nilitiliwa ute wa yai na gari likawa linachemsha hata kwenye tambarare.

Mswahili wa Kisauni
Ndiyo maana nikasema kufika Voi. Ukifika unaiosha yote. Na za babu zilikuwa rejeta za shaba, njia zake pana, ikitoboka inalehemiwa.

Fundi wa Gerezani
Hapo umesema kweli kaka. Shaba tulikuwa tunaichomelea kwa risasi, na njia mbovu moja unaiziba huku na huku, rejeta inaendelea miaka mitano. Hizi za sasa ni alumini na plastiki. Plastiki ikikaa kwenye joto miaka ishirini inageuka rangi ya chai na inakatika kama biskuti. Gundi ya chuma utapaka, itashika wiki, ila gari likipata moto plastiki inatanuka na gundi haitanuki. Na dada aliyewekewa dawa, nina uhakika iliziba tundu lakini ikaziba na njia za maji. Kwenye tambarare rejeta iliyoziba nusu inatosha. Kitonga haitoshi.

Dereva wa Nyanda za Juu
Kwa aliye porini: mfuniko uzungushe uishie kituo cha kwanza tu, usifunge mpaka mwisho. Presha haijengeki, tundu halitoi sana. Na washa hita ya ndani, joto mwisho, feni mwisho. Mtatoka jasho lakini inapunguza joto la injini.

Fundi wa Gerezani
Hita sawa, alimradi maji yapo. Mfuniko nusu mimi sikubali. Bila presha maji yanachemka kwenye 100, na Makambako na Njombe kule juu hata 100 hayafiki.

Dereva wa Nyanda za Juu
Mzee wangu shikamoo, nimefanya hivyo Mafinga mpaka Makambako na nikafika. Mwendo wa 50.

Fundi wa Gerezani
Marahaba. Umefika kwa mwendo wa 50, si kwa mfuniko.

Injini Baridi
Tatizo la kwanza la magari haya ni themostati, ile vali inayofungulia maji yaende kwenye rejeta. Mimi gari yoyote nikinunua naitoa siku hiyohiyo. Nchi ya joto hii, ya nini?

Fundi wa Gerezani
Hapo ndipo mnapoua injini za watu. Themostati inafunguka kwenye 82 au 88, kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake na kuibakiza hapo. Ukiitoa, petroli inaliwa zaidi, oili inabaki na unyevu. Na kwenye injini nyingi za Toyota ina kisahani cha nyuma kinachofunga njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani bila kupita kwenye rejeta. Unatoa kitu ili gari lisichemshe, kumbe umelifungulia mlango.

Injini Baridi
Mwaka wa sita huu sina themostati na sijachemsha.

Noah ya Mwanza
Na gia ya nne ya otomatiki inaingia saa ngapi asubuhi? Ya kwangu ilipotolewa ikawa haiingii mpaka nimefika kazini.

Injini Baridi
Mimi nina manyuo, gia za mkono.

Kijana wa Makambako
Jamani mada ni kuvuja. Mama Pacha hajarudi?

Noah ya Mwanza
Wenye otomatiki nawaomba msome hili. Ndani ya tenki la chini la rejeta kuna kipoozeo cha oili ya gia. Changu kilitoboka kwa ndani. Chini ya gari hakuna hata tone, ila maji yanapungua kila wiki. Siku moja nachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia, oili imekuwa ya pinki, nzito, kama maziwa ya stroberi. Nikaendelea siku tatu nikisubiri mshahara. Giaboksi ikafa Buzuruga saa mbili usiku. Maji yakipungua na huoni yanakokwenda, chomoa vijiti vyote viwili, cha injini na cha gia. Cha injini kikiwa kama chai ya maziwa, hiyo ni gasketi.

Mfugaji wa Arusha
Mimi nina moja tu. Kulanti, yale maji ya rangi ya kwenye rejeta, ni tamu na ni sumu. Nilimwaga rejeta kwenye beseni, nikaenda kununua mpira, nikarudi nikakuta mbwa wangu anamalizia kulamba. Tulimkimbiza kwa daktari wa mifugo jioni alipoanza kuyumba, figo zilikuwa zimeshaharibika. Alikaa siku mbili. Kidimbwi cha asubuhi kwenye uwanja wenye watoto na paka, kimwagie maji mengi na kufagia.

Carina ya Tegeta
Nimefagia sasa hivi. Asante sana.

Mama Pacha
Samahani, nilikuwa kazini. Nilipitia hospitali Iringa siku ya tatu nikitokea msibani. Alikuwa amelazwa, mkono umefungwa wote. Mama yake alikuwa amefika, kanga imefungwa kiunoni, kakaa kwenye sakafu. Sikujua nianze wapi. Yeye ndiye aliyenisogezea nafasi. Akaniuliza watoto hawakuumia? Nilimjibu hawakuumia, akasema basi. Nilikuwa nimebeba maneno mengi ya kuomba radhi, sikuweza kutoa hata moja.

Alipona. Vidole viwili havinyooki. Hakurudi kwenye malori, anauza spea za pikipiki, tunapigiana simu kila Desemba.

Mtoto wa Singida
Mungu awabariki wote wawili na mama yake.

Dereva wa Nyanda za Juu
Mama Pacha, mimi nimeanza kama utingo. Nimefungua mifuniko mingi ya moto. Hili limenikaa.

Carina ya Tegeta
Mrejesho, wakuu. Jana nimefuata ushauri wa mzee wa Gerezani, nikamwambia fundi apime kabla ya kugusa chochote. Akafunga ile pampu pale penye mfuniko, akajaza hadi 0.9, mshale wa saa ukawa unarudi polepole. Tukapaka povu la sabuni kote. Kwenye ule ukoko hakuna kitu. Povu likaanza kuchemka juu kabisa, shingoni mwa bomba la mpira wa juu, ufa mwembamba kama unywele. Ukitazama kwa macho tu huuoni.

Halafu akanionyesha mfuniko wangu: 1.1. Rejeta yenyewe imeandikwa 0.9. Niliununua mwaka jana wa zamani ulipolegea, muuzaji akasema inaingia, na kweli iliingia. Plastiki ya tangu 1998 nimeibana kupita kiasi mwaka mzima.

Nimeweka rejeta mpya, laki moja na sitini, mfuniko wa 0.9, mpira wa juu na wa chini, kulanti nusu na maji ya betri nusu. Themostati ilikuwemo, nimeiacha. Dawa ya unga nimeikataa. Usiku nimetandika boksi la karatasi chini ya injini. Asubuhi hii limeamka kavu.

Fundi wa Gerezani
Vizuri sana. Tandika na wiki ijayo. Na baada ya safari ya kwanza ndefu, gari likiwa baridi, fungua uongeze. Hewa iliyobaki ndani itakuwa imetoka na maji yatashuka kidogo. Usishtuke.

Bibi Shamba
Habari zenu wote. Nimesoma toka mwanzo. RAV4 yangu ya 1997 haiachi tone chini, kijiti cha injini kisafi, cha gia kisafi, ila kwenye zulia miguuni kwa abiria kuna unyevu na harufu tamu. Hiyo nayo ni rejeta?