Kikundi: Watoto wa Bi Time, Wete

Rukia: Assalaam alaykum. Majibu ya damu ya Ami Faki: vimeng'enya vya ini AST 64 na ALT 49, plateleti (chembe za kugandisha damu) 160. Msisome mkapita.

Salim: Ushakuwa daktari Rukia 😂

Rukia: Kanionesha daktari mwenyewe. Hesabu yaitwa FIB-4, ya kukisia makovu ya ini. Umri mara AST, ugawe kwa plateleti mara kipeuo cha pili cha ALT. Hachotwi nyama ya ini kwa sindano, damu tu. Imetoka 3.14

Salim: Pai hiyo! Ya skuli 😂😂

Rukia: Chini ya 1.45 salama. Ikizidi 3.25 ini huenda lina makovu mengi. Yeye yumo kati, kwa hiyo aende Unguja akapimwe ugumu wa ini kwa mashine. Boti Alhamisi. 20,000 kila mtu

*Saa 3:40 usiku*

Rukia: Nawaona mmesoma

Salim: Nipigie na mie hesabu, nna 28

Rukia: Chini ya 35 haiaminiki. Tuma pesa

Shangazi Bikombo: Umri mmeandika ngapi?

Rukia: 55, wa kitambulisho

Shangazi Bikombo: Faki wa 55 wapi! Kazaliwa mwaka wa Mapinduzi, mie nikimbeba mgongoni. Ile miaka 6 kaipunguza apate kazi ya bandarini.

Hamadi: Kazi ya nani ile?

Rukia: Ami Hamadi, si leo tafadhali

Hamadi: Nauliza tu.

Rukia: 61 mara 64, 3904. Gawa kwa 1120 (160 mara 7)

Rukia: 3.49

Maryam: Imevuka

Salim: 😶

Ami Faki: Hiyo 61 isitoke humu. Nilitakiwa nistaafu mwaka jana.

Rukia: Ami, daktari anapigia hesabu umri wa uongo!

Ami Faki: *Ujumbe huu umefutwa*

Maryam: Bibi kanipa simu nimuandikie. Kasema: "Faki, nimekuzaa mie. Kamwambie daktari umri wako."

*Saa 12:15 asubuhi*

Hamadi: Nimetuma 40,000. Za Bibi hizo, si zake.

Rukia: Ahsante Ami. Wengine?

Salim: Mwisho wa mwezi inshallah

Rukia: Boti haingoji mwisho wa mwezi. Nani anampokea bandarini Alhamisi?

Rukia: Ami Faki, unakwenda lakini?

Shangazi Bikombo: Kaamka. Yuko barazani na chai, simu kaigeuza kifudifudi.